Kulenga shabaha kwenye theluji: mlioko ughaibuni na wazee wa Liwale njooni mmalize ubishi

Kijana wa Shangani aliandika:

Wakuu, naomba hili jambo tulimalize kistaarabu. Hapa kijiweni Shangani, Mtwara, kuna ubishi haujaisha tangu watu waanze kufuatilia baiathloni kwenye king'amuzi. Kwa asiyeijua: watu wanateleza kwa ski, vile vibao virefu vya miguuni, kwenye theluji wakiwa na bunduki mgongoni, wanafika uwanja wa shabaha, wanapiga risasi 5, wanaondoka tena mbio.

Hoja yangu ni kwamba baridi inaisaidia bunduki. Mtutu haupati moto, chuma hakitanuki, na hakuna yale mawimbi ya joto yanayochezesha kitu machoni. Huku kwetu saa nane mchana ukiangalia lami ya kwenda Mikindani yenyewe inacheza, sasa kitu cha mita 200 utakilenga vipi? Naamini mpigaji wa kawaida wa huku ukimpeleka Ulaya wakati wa theluji atapiga vizuri zaidi kuliko hapa. Mwenzangu anapinga, anasema chembe za theluji zinaisukuma risasi na baruti "inalala" kwa baridi.

Wenye uzoefu karibuni. Matusi hapana.

Dafu Baridi aliandika:

Siti ya mbele. Theluji ya karibu iko Kilimanjaro, na ukikutwa kule na bunduki hutarudi hapa kutuletea majibu.

Binti Mikindani aliandika:

Kaka, kwanza tuweke sawa hiyo baiathloni yenyewe, maana wengi wanaiangalia kama sinema. Bunduki ni ya inchi .22, risasi ndogo kabisa. Shabaha ziko mita 50. Mtu akilala kifudifudi anapiga kiduara cha milimita 45, akisimama anapewa cha milimita 115. Darubini hairuhusiwi, ni tundu la nyuma na pete ya mbele tu. Bunduki isipungue kilo 3.5. Ukikosa, mbio nyingine unazungushwa mita 150 za adhabu kwa kila risasi, na kwenye ile ndefu ya mtu mmoja mmoja wanakuongezea dakika nzima.

Tena baridi ikipita nyuzi 20 chini ya sifuri mbio hazianzi. Kama baridi ingekuwa rafiki wa bunduki kama unavyosema, wasingejihangaisha na vifuniko. Angalia vizuri ile bunduki inapokuwa mgongoni: mdomo wa mtutu una kifuniko, tundu la kulengea lina kifuniko. Akifika anavifungua kwanza ndipo analenga. Anaogopa nini? Anaogopa theluji kuingia.

Kijana wa Shangani aliandika:

Dada umenibana kwenye vifuniko. Lakini hilo ni suala la theluji, si la baridi. Mimi nasema baridi peke yake, anga safi, theluji imeshatulia chini.

Ruangwa Yetu aliandika:

Mimi nafundisha fizikia, bunduki sijawahi kushika. Ila hewa naijua.

Hewa ya baridi ni nzito. Usawa wa bahari kwenye nyuzi 30, yaani Mtwara ya kawaida, mita moja ya ujazo wa hewa ina uzito wa kilo 1.16 hivi. Ishushe mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri inafika karibu 1.39. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 20. Risasi inapita kwenye kitu kizito zaidi, kwa hiyo inapunguza mwendo mapema na inaanguka zaidi kabla ya kufika. Mwenzako amekosea kuhusu chembe za theluji, maana kile kipande cha theluji ni hewa tupu iliyoshikana na barafu kidogo na risasi inakipita bila habari. Ila kwamba baridi inaisumbua risasi yuko sahihi.

Na kuna jambo limenivutia kwenye hizo .22 alizosema Binti Mikindani. Sauti kwenye nyuzi 30 inasafiri mita 349 kwa sekunde. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri inashuka hadi kama 322. Sasa chukua risasi inayotoka na mwendo wa 330. Hapa Mtwara haifiki kasi ya sauti. Kule ikitoka na mwendo uleule inaipita, halafu njiani inarudi chini yake, na hapo katikati inayumbishwa. Bunduki ileile, risasi ileile, tabia mbili.

Dafu Baridi aliandika:

Mwalimu, mimi nilikuja kucheka, sasa natafuta daftari.

Mmakonde wa Ufini aliandika:

Salaam wakuu. Mimi ni mtoto wa Newala, nipo Ufini miaka mingi sasa, na huku ninawinda elki pamoja na wenyeji. Elki ni mnyama wa jamii ya swala-kulungu lakini mkubwa kama ng'ombe dume, na msimu wake unaingia mpaka kwenye theluji. Nitaandika kirefu kwa sababu maswali yenu ndiyo niliyokuwa nayo mimi.

Huku huruhusiwi kumpiga elki mpaka ufaulu mtihani wa shabaha: risasi 4 ndani ya mviringo wa sentimita 23, mita 75. Wengi wanaufanya kiangazi, wamevaa fulana. Wanafaulu vizuri kabisa. Halafu mwezi wa kumi na mbili mtu huyohuyo anamkosa mnyama wa mita 60. Bunduki haijabadilika kiasi hicho. Ni yeye.

Anza na nguo. Umevaa sweta mbili na koti nene. Kitako cha bunduki ambacho kiangazi kinakaa begani vizuri sasa kimesogezwa mbele na unene wa koti. Jicho limekuwa mbali na darubini, unaona duara jeusi pembeni, unavuta shingo kulifuata, na shingo ikishavutwa huna tena mkao. Wenyeji wenye akili wanafanya mazoezi ya majira ya baridi wakiwa na koti lilelile la kuwindia, na wengine wana kitako kinachopunguzwa urefu.

Glavu ni hadithi nyingine. Kidole chenye glavu nene hakijui kimegusa kifyatuo au hakijagusa, na hapo si suala la kukosa shabaha tu, ni hatari kwa mwenzako. Ukivua, dakika chache kidole kimekufa ganzi, tatizo limerudi kwa mlango wa nyuma. Ninachofanya mimi, na ndivyo nilivyokuta wengi wanafanya: glavu nyembamba ndani, juu yake glavu kubwa ya mfuko, isiyo na vidole. Wakati wa kupiga unavua ile kubwa inabaki inaning'inia kwa kamba kwenye mkono. Na usiweke shavu wala ulimi kwenye chuma tupu. Ngozi inanata. Kitako cha mbao kina heshima yake huku.

Pumzi nayo. Ukihema karibu na kioo cha darubini, mvuke unaganda palepale na dunia inapotea. Ndani ya darubini nzuri wamejaza nitrojeni kwa hiyo ndani haifanyi ukungu, ukungu ni wa nje, wa pumzi yako. Unajifunza kupumua kwa chini au pembeni ukiwa umeinua bunduki. Inaonekana rahisi mpaka uwe umepanda kilima kwenye theluji ya magotini na moyo unagonga.

Kulala chini? Ukilala kwenye theluji laini unazama, na kadiri joto la mwili linavyoiyeyusha unazidi kuzama wakati unalenga. Miguu ya kuegemeza bunduki inazama pia. Lazima ushindilie kwanza, au uweke begi chini ya mtutu, au upige umeketi. Wengine wanapishanisha fimbo za ski na kuegemeza hapo.

Sasa umbali. Hili ndilo lililonitesa kuliko yote. Kwenye theluji hakuna majani, hakuna mawe, hakuna kichuguu cha kukupimia. Ni weupe mmoja kutoka miguuni kwako mpaka kwa mnyama. Jicho linasema mita 100, kumbe ni 170. Walioishi Msimbati wanalijua: bahari ikipwa, fungu la mchanga linaonekana ni la kufika sasa hivi, unatembea mpaka unachoka. Kipimo cha leza kinasaidia, ila theluji ikiwa inadondoka leza inaweza kugonga chembe za karibu ikakupa namba ya uongo. Na betri zinachoka haraka kwenye baridi. Weka ya akiba mfuko wa ndani, karibu na kifua.

Mwalimu wa Ruangwa amesema kweli kuhusu hewa, na baruti nayo inachangia. Baadhi ya baruti ukiitoa nyuzi 30 ukaipeleka 20 chini ya sifuri, risasi inapoteza mita 20 hadi 40 kwa sekunde. Zipo za kisasa zinazopoteza kidogo sana. Lakini jamani, kwa mita 100 yote hiyo haifiki hata upana wa kidole. Kwa mita 300 ni vidole vichache. Ukianza kupiga mita 500 ndipo unaweza kumkosa mnyama. Huku msituni nani anapiga mita 500?

Kwa hiyo Kijana wa Shangani, mpigaji wako wa kawaida ukimleta huku atapiga vibaya zaidi, tena siku ya kwanza hatajua kwa nini.

Kijana wa Shangani aliandika:

Mkuu nimekusoma mara mbili. Lakini hujagusa mtutu. Mtutu wa baridi hauna shabaha nzuri?

Mmakonde wa Ufini aliandika:

Hapo una nusu ya haki. Ukipiga risasi nyingi mfululizo uwanjani, mtutu unapoa haraka zaidi na yale mawimbi ya joto juu ya mtutu hayakusumbui sana. Lakini mwindaji anahesabu risasi moja, ya kwanza, na hiyo siku zote inatoka kwenye mtutu uliopoa, iwe Newala au huku. Kinachoiharibu ile ya kwanza ni mafuta yaliyobaki ndani ya mtutu. Pitisha kitambaa kikavu kabla ya kutoka nyumbani. Na weka ziro ya bunduki, yaani rekebisha darubini ilingane na pale risasi inapogonga, kwenye baridi hiyohiyo utakayowindia, kwa risasi za boksi hilohilo.

Nachingwea Juu aliandika:

Vipi yule mdunguaji wa Ufini waliyemwita kifo cheupe? Yeye alipiga bila darubini kwenye baridi ya kufa mtu. Kama baridi inaharibu kiasi hicho yeye aliwezaje?

Binti Mikindani aliandika:

Simo Häyhä. Alikuwa mkulima na mwindaji, amezaliwa 1905. Vita ya majira ya baridi kati ya Ufini na Umoja wa Kisovyeti ilikuwa 1939 hadi 1940, na yeye alijeruhiwa vibaya usoni Machi 1940, akapona, akaishi mpaka 2002.

Ukisoma alichokuwa anafanya utaona anathibitisha maneno ya Mmakonde. Hakutaka darubini kwa sababu kioo kinashika ukungu, kinaweza kumulika kwenye jua, na kinakulazimisha uinue kichwa juu zaidi. Alikuwa anaweka theluji mdomoni ili pumzi yake isitoe mvuke ukaonekana. Alishindilia theluji mbele ya mdomo wa bunduki ili ile pumzi ya mlipuko isirushe unga mweupe ukamchongea. Alikuwa anayatatua matatizo ya baridi moja baada ya jingine, mengi hayahusu hata bunduki yenyewe.

Mmakonde wa Ufini aliandika:

Dada amesema yote. Niongeze kwamba ule unga wa theluji unakusumbua hata wewe mpigaji. Unapiga, mbele yako kunafumuka wingu, huoni risasi imefika wapi wala mnyama ameshtuka vipi. Na sisi hatuvai nyeupe kama yeye. Kwenye uwindaji wa elki sheria inakutaka uvae rangi ya machungwa, maana hapo msituni wenye bunduki ni wengi.

Dafu Baridi aliandika:

Theluji mdomoni kutwa nzima. Mimi barafu ya juisi ya ukwaju tu meno yanaomba talaka.

Mzee Liwale aliandika:

Vijana, amani iwe kwenu. Mjukuu wangu kanionyesha uzi huu. Mimi ni mstaafu, nilikuwa askari wa wanyamapori upande wa Liwale, kwenye Selous ile kubwa kabla hawajaigawa mwaka 2019. Theluji sijaiona. Ila nimekaa na bunduki kubwa za .375 na .458 umri wangu wote wa kazi, na nina neno kutoka upande wa pili, upande wa joto.

Kwanza ya baruti. Wazungu wa zamani walipoleta bunduki zao kubwa Afrika na India zikiwa na risasi zilizopimwa kwao Uingereza, waliona maajabu. Risasi imelala juani, baruti imepata moto, ukifyatua msukumo unapanda kupita kiasi na ganda linang'ang'ania kwenye chemba, pale risasi inapokaa. Una tembo mbele yako, ganda halitoki. Wakalazimika kutengeneza risasi zenye baruti pungufu kwa ajili ya nchi za joto. Kwa hiyo anayesema baruti inalala kwa baridi hajakosea, na sisi tunajua kwamba inaamka kwa joto. Ndiyo maana vijana wangu nilikuwa nawakataza kuacha risasi juu ya dashibodi ya gari. Mwezi wa kumi na moja Liwale ile dashibodi huiwekei mkono.

Pili, huyu kijana anasumbuka na mawimbi ya joto ya mita 200. Mwanangu, kwenye miombo nani anaona mita 200? Tembo aliyeingia shamba la mtu unamkuta hatua thelathini, pengine pungufu, nyuma ya kichaka. Hapo si nyuzi 30 wala baridi inayokuhusu. Inakuhusu kama bunduki itawaka ukiiamuru. Na hapo ndipo ninapotaka kumuuliza huyu wa Ufini: mafuta mnafanyaje? Sisi tulikuwa tunapaka kidogo mno kwa sababu ya vumbi. Ukijaza mafuta, vumbi la kiangazi linashikana nayo inakuwa tope la kusagia chuma. Ila ukiishi Lindi mjini au Kilwa, hewa ya bahari inakula chuma, usipopaka ndani ya wiki kutu imeanza. Kila mahali na dawa yake. Huko je?

Mmakonde wa Ufini aliandika:

Shikamoo mzee wangu. Umegusa penyewe.

Mafuta ya kawaida kwenye baridi kali yanakuwa mazito. Bolti, kile chuma cha kusukumia risasi chemba, inarudi polepole, na ile sindano inayogonga fataki ya kuwashia baruti inasafiri kwa uvivu. Unafyatua, unasikia "klik" dhaifu, fataki imeguswa haikuwaka. Au inawaka kwa kuchelewa kidogo, na wewe tayari umeshalegeza mkono, risasi imekwenda kwingine. Dawa ni kuvua bolti kabla msimu haujaanza, kuosha mafuta yote kabisa, kukausha, halafu ama uache kavu ama upake mafuta maalumu mepesi ya baridi, tone la kupanguswa. Wengine wanatumia unga wa grafaiti. Yaani mzee, nimeishia kwenye kanuni yako ileile ya Liwale, wewe kwa vumbi mimi kwa barafu.

Lakini adui mkubwa kuliko mafuta ni maji. Mwenye miwani anajua akitoka benki yenye kiyoyozi pale Mtwara mjini akakutana na joto la nje: miwani inalowa papo hapo. Bunduki iliyokaa nje siku nzima kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri ukiiingiza nyumba yenye moto inalowa hivyohivyo, mpaka ndani ya bolti, juu ya vioo vya darubini, ndani ya kifyatuo. Ukiacha hivyo ni kutu. Ukiitoa tena nje asubuhi kabla haijakauka, yale maji yanakuwa barafu na bunduki imefungwa. Kitasa cha usalama hakisogei, bolti haifungi. Nimeona watu wanaigonga kwa ngumi msituni.

Mzee Liwale aliandika:

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa vizuri. Gobore wakati wa masika ni vivyo hivyo, ila lenyewe ugonjwa wake ni baruti. Ikishika unyevu inatoa moshi na aibu. Wazee walikuwa wanaifunga kwenye ngozi na kuining'iniza juu ya jiko.

Swali la pili. Mdomo wa mtutu. Sisi kijana akianguka mtutu ukachomeka kwenye tope, alikuwa haruhusiwi kufyatua mpaka aangalie ndani. Nimeuona mtutu uliovimba kwa sababu ya tope. Theluji nayo?

Mmakonde wa Ufini aliandika:

Theluji nayo hivyohivyo mzee. Watu wanaidharau kwa kuwa ni laini. Ikiingia ndani ikayeyuka kidogo na kuganda tena ni kizibo. Risasi ikikutana na kizibo, mtutu unavimba au unapasuka. Ndiyo maana wengi tunaweka kipande cha utepe mdomoni mwa mtutu, na wakati wa kupiga hatuutoi. Unapiga humohumo.

Kijana wa Shangani aliandika:

Subiri. Unakataza kizibo halafu unaweka kizibo? Huo utepe haulipui mtutu?

Ruangwa Yetu aliandika:

Haulipui. Ndani ya mtutu mbele ya risasi kuna hewa. Risasi inapoanza kukimbia inaisukuma ile hewa, na hewa ndiyo inayoubandua utepe kabla risasi haijafika mdomoni. Utepe mwembamba uko nje, haujaziba ndani. Theluji iliyoganda ndani imeushika mtutu pande zote na ina uzito wake. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Binti Mikindani aliandika:

Na si jambo jipya. Askari wa Marekani walioshuka ufukweni Normandy mwaka 1944 walivisha midomo ya bunduki kondomu ili maji ya chumvi na mchanga visiingie.

Dafu Baridi aliandika:

Kinga ni bora kuliko tiba. Endeleeni, mimi nimeshapata cha kupeleka kijiweni.

Nachingwea Juu aliandika:

Mimi nina la upepo. Huku unaangalia majani ya mkorosho, unaangalia vumbi, unaangalia moshi wa jiko la jirani. Kaskazi ikivuma unaijua. Kwenye theluji unaangalia nini?

Mmakonde wa Ufini aliandika:

Swali zuri na jibu lake halifurahishi. Mara nyingi huna kitu. Misonobari iliyobebeshwa theluji haitikisiki mpaka upepo uwe mkali. Unga wa theluji ukianza kutambaa juu ya ardhi unakuonyesha upepo wa chini, ambao si lazima uwe sawa na ule wa kifuani kwa mnyama. Chembe zinazodondoka zinasaidia kuliko vyote: angalia zinavyolala, upande gani na kwa kiasi gani. Na pumzi yako mwenyewe, mvuke unakoelekea. Kwenye msitu wa mita 80 upepo hautaniondolea mnyama. Kwenye ziwa lililoganda, pale pametandaa peupe, ni habari nyingine na mimi huwa siyapigi hayo mashuti.

Kwenye baiathloni wenzetu wamewekewa vibendera kwenye uwanja wa shabaha, na tundu la kulengea lina vitufe vya kuzungusha. Mtu anafika, anatupia jicho kibendera, anazungusha kidogo kushoto au kulia, ndipo anapiga. Kampuni ya Lapua ya hukuhuku Ufini inatengeneza hata risasi za .22 za baridi peke yake, zinaitwa Polar Biathlon, ili isimlazimu mtu kubahatisha.

Kijana wa Shangani aliandika:

Haya wakuu, kwenye mtutu nabaki na nusu yangu ya haki, kwingine kote nimeshindwa. Ila niulize la mwisho la uzalendo: sisi wa joto tunaweza kweli kuingia kwenye mchezo huu?

Binti Mikindani aliandika:

Mkenya Philip Boit aliteleza kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano 1998. Alikuwa mkimbiaji wa riadha kabla ya hapo. Alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimsubiri mstari wa mwisho akamkumbatia. Hiyo ilikuwa ski tupu bila bunduki. Ukimwongezea bunduki ya kilo 3.5 na shabaha ya milimita 45 mapigo ya moyo yakiwa juu, kaka, anza kwanza kwa kukimbia Shangani mpaka Mikindani halafu utie uzi kwenye tundu la sindano. Ukiweza turudi tuongee.

Mzee Liwale aliandika:

Mimi nina la mwisho kwa wa Ufini kabla mjukuu hajachukua simu yake. Umesema bunduki isiingizwe ndani ghafla. Lakini bunduki haiachwi nje hovyo, sheria haikubali, si huku wala huko. Usiku inalala wapi?

Mmakonde wa Ufini aliandika:

Mzee, huku nako lazima ifungiwe. Mwenye nafasi anaifungia kabati la chuma kwenye chumba kisicho na moto, kibaraza au stoo, hivyo inabaki na baridi yake mpaka asubuhi. Mimi naishi ghorofani, sina stoo ya hivyo. Ninaitoa risasi zote, ninaiweka kwenye begi lake na kufunga zipu nikiwa bado nje, ndipo ninaingia nayo. Begi silifungui. Linakaa saa kadhaa kabatini mpaka chuma ndani kipate joto la chumba polepole, hapo unyevu unashika begi badala ya bunduki. Baadaye ndiyo ninafungua, ninavua bolti, ninapangusa kila kitu kwa kitambaa kikavu, ninapitisha kitambaa kingine ndani ya mtutu. Darubini ninaiacha wazi bila vifuniko usiku huo ipumue. Mafuta ninapaka kama msimu umeisha tu. Kama kesho ninatoka tena, inalala kavu.

Mzee Liwale aliandika:

Vizuri. Na begi nalo likaushe, usilirudishe likiwa bichi.

Mmakonde wa Ufini aliandika:

Linaanikwa bafuni mzee, mke wangu analalamika kila msimu.